Kaburi la Kaka Yangu Kisiwani

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alipelekwa kufundisha katika kijiji kidogo cha kisiwani, upande wa Lamu. Sisi ni watu wa Nyamira, wa chai na ndizi na baridi ya asubuhi, na nyumbani hakuna mwingine aliyewahi kuiona bahari. Alikaa huko mwaka na miezi michache, kisha ikaja telegramu: amefariki kwa malaria, amezikwa.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomwangusha mama. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, hata akifia wapi. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua mwili ufukuliwe, urudishwe. Mzee wetu aliyetuzaa alikuwa mgonjwa wa miguu, kwa hiyo mama akasema atakwenda mwenyewe. Hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafuatana naye niwe ulimi wake.

Tulipanda basi Keroka, na siku ya tatu asubuhi tukawa ndani ya mashua ya injini. Mama alishika ubao kwa mikono miwili akafumba macho mpaka tulipofika. Kijiji kilikuwa na nyumba kama arobaini za mawe na makuti, msikiti mweupe, na mbuzi waliolala kwenye vivuli vya kuta. Joto lilikuwa kali, lakini mama hakuvua sweta yake.

Aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa makamo, jirani wa kaka.

"Makiwa," alisema.

Sikujua neno hilo la rambirambi hujibiwaje. Nikasema asante. Alimshika mama mkono, akatuketisha mkekani na kutueleza, nami nikitafsiri, jinsi alivyomuuguza kaka siku tatu. Alimnywesha uji kwa kijiko. Alimpangusa kwa kitambaa cha maji. Mashua ya kumpeleka hospitali haikuweza kutoka kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka.

"Alikuwa akiita baba, baba," alisema. "Nikawa namwambia, tulia mwanangu, baba yako yuko mbali."

Katika Ekegusii, lugha yetu, baba ni mama. Anayekuzaa ndiye unayemwita hivyo. Mzazi wa kiume ni tata. Nilipomfasiria mama, alijifunika uso kwa leso. Nilipomweleza yule jirani, naye akaanza kulia.

Mchana mwalimu mkuu alikuja kutupeleka kaburini. Lilikuwa nyuma ya shule, limezungushiwa mawe. Alisema hapakuwa na mochari, na kwa joto lile wasingeweza kungoja. Kisha akasema kwa aibu:

"Sisi ni Waislamu, hatukujua sala zenu. Sikutaka azikwe kimya. Chini ya mto wake nilikuta karatasi ya lugha yenu. Niliona neno baba limerudiwa mara nyingi, nikajua ni sala. Nikaisoma."

Alikuwa nayo mfukoni, ndani ya bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Niliutambua mwandiko kabla hajaikunjua. Ulikuwa wangu.

Mama alikuwa akinituma, nami nikimwandikia kaka barua: baba anasema ng'ombe amezaa ndama jike, baba anauliza kama unakula, baba anataka uje Desemba. Kaka alikuwa hajaandika kwa miezi mitano. Mama alipoondoka kwenda kuchuma chai, niliongeza maneno yangu mwenyewe mwishoni mwa barua ile.

"Mama anasema usome tena, kama siku ile," nilimwambia mwalimu, kwa kuwa mama alikuwa amenivuta mkono na kusisitiza. Nilitaka kukataa, sikupata njia.

Alisoma polepole, akivunja maneno mahali pasipofaa, kama anayepita kwenye mawe bila viatu. Mama alisikiliza ameinama. Kwenye ndama aliguna kidogo. Kisha mwalimu akafika mwisho, asijue anasoma nini: baba analia kila siku kwa ajili yako. Kama umepata watu wengine, kaa nao.

Mama aliinua kichwa akaniangalia. Akamgeukia mwalimu, akampa mkono.

"Mwambie hatuchimbi," aliniambia.

"Na wazee je?"

"Mwambie."

Tuliondoka kesho yake. Katikati ya maji, mama akiwa ameshika ubao vilevile, aliuliza:

"Yale ya mwisho, nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Alikuwa ameisoma?"

Nilimwambia bahasha ilikuwa imefunguliwa na barua ilikuwa chini ya mto. Alifumba macho tena mpaka tulipofika bara.

Nyumbani wazee walimkasirikia. Mzee wetu hakuzungumza naye msimu mzima, na wengine walisema amemtupa mtoto ugenini. Alivumilia yote. Hakumwambia mtu habari za barua ile, wala hakunigombeza hata siku moja. Lakini tangu wakati huo, alipotaka kuandikiwa jambo, alijifunga leso akateremka hadi kwa mke wa mchungaji, ng'ambo ya kijito, nami nikiwa nimekaa pale pale nyumbani, kalamu ninayo.