Mdomo wa Lloseta

"Saa ya mkononi unaweza kuiba, Coloma. Picha unaweza kuiba. Mdomo je? Mdomo unauibaje?"

"Dada, toa mkono juu ya huo ufunguo. Si wako peke yako."

"Wala si wa huyo tapeli uliyemlaza kwenye shuka za marehemu mama."

"Tapeli! Mtoto wa kaka yako wa tumbo moja! Hivi huoni hata aibu?"

"Aibu yangu ilikwisha siku ile ulipoimba kanisani, padri akadhani paka kanasa mlangoni."

Praxedis hakutoa mkono. Walikuwa jikoni, dada wawili, na kati yao mezani rundo la lozi zinazongoja kumenywa maganda. Penye lozi ndipo ulipokuwa ufunguo wa nyumba ya chini, mrefu kama mwiko. Nyumba ile ilikuwa fungu la urithi la kaka yao Melsion, na mlango wake ulifungwa tangu alipokwea meli kwenda Ajentina, miaka arobaini iliyopita. Siku nne nyuma alikuja mwanamume wa miaka thelathini na kitu, jina lake Esteve, ana saa ya Melsion, ana picha ya Melsion amevaa kofia, anasema baba amefariki naye ndiye mwanawe. Coloma alilia machozi ya kujaza karai. Praxedis hakulia. Alikuwa anasikiliza.

Kusikiliza ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, ingawa watu wa Lloseta, kijiji chao kisiwani, walidhani kazi yake ni kushona ngozi za viatu. Alishona miaka hamsini dirishani, macho kwenye sindano, masikio barabarani. Kwa hiyo watu hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa mdomo. Mtu wa Sóller, ng'ambo ya mlima, hubana "o" yake mpaka inageuka "u", jibini badala ya kuliita *formatge* analiita *furmatge*, kama anayeogopa mlima usimsikie. Karibu kisiwa kizima wakitaja kitunguu, *ceba*, ile "e" wanaimeza kama waliopigwa ngumi ya tumbo. Lloseta na jirani zao wawili watatu tu ndio wanaopanua kinywa, "e" ikatoka wazi, jua likaingia mpaka kwenye magego.

Kuna siku Praxedis alimtambua mtu wa Pollença kwa chafya. Siku nyingine alipita bubu, Praxedis akasema, "Huyo ni wa Felanitx," na kweli alikuwa wa Felanitx. Alipokuwa msichana alichumbiwa na bwana mmoja mtanashati aliyejiita mtu wa mjini, wa Palma. Akamsikiliza Jumapili tatu, ya nne akamwambia, "Rudi Artà, mkeo anakungoja." Mke alikuwapo kweli, na watoto watano, wote wana sauti ya baba yao. Hakuchumbiwa tena. Nani amtake mwanamke wa namna hiyo?

"Sikiliza," alisema sasa, akishusha sauti, maana Esteve alikuwa zizini, amejitolea kumfunga nyumbu kwenye tela wakalete magunia ya lozi. "Jana nimemwuliza, bwana, unataka jibini? Amenijibu *furmatge*. Nikamwambia nipe kitunguu. Akakitaja, ameimeza 'e' yote, hajabakiza hata ya mbwa. Huyo ni wa Sóller kuanzia unyayo. Melsion alikuwa anataja kitunguu mpaka nzi wanaingia mdomoni."

"Amekueleza! Mama yake alikufa mapema, akalelewa hukohuko Ajentina, kwenye tanuri la mikate la watu wa Sóller. Mtoto hushika maneno ya wanaomlisha."

"Ee, ndiyo hivyo! Watu wa Sóller walikuwa pamoja na Melsion. Melsion kafa, hana mtu. Mmoja wao kachukua saa, kachukua picha, kapanda meli. Mbona hajui hadithi hata moja ya hapa?"

"Melsion alikuwa msema hovyo? Wewe mwenyewe umesema alikuwa anaongea mara mbili kwa mwaka."

"Na mara moja ilikuwa Krismasi."

Coloma hakucheka. Alichukua lozi, akaiweka chini bila kuimenya.

"Wewe unaweza kuchagua, dada. Wewe ulikuwa naye. Kaka alipoondoka mimi nilikuwa na miaka mitatu, simkumbuki hata viatu. Huyu akiondoka kwa ajili ya masikio yako, mimi sitakuwa nimepata kaka, wala mtoto wa kaka, wala chochote."

Praxedis alitazama lozi. Maneno hayo yalimchoma, lakini mkono ulibaki palepale. Kumpa mtu wa Sóller kitanda alicholala Melsion!

Ndipo zizini kukazuka kishindo. Nyumbu alikuwa anapiga mateke, ndoo inaruka, mlango unalia. Mnyama yule aliitwa Capità, na hakuwahi kumtii binadamu yeyote ila kwa ahadi ya karoti. Wakamsikia Esteve anabembeleza, kwa mdomo wake wa Sóller uliobanwa. Kishindo kikazidi. Kisha mwanamume akapandwa na hasira, akapaza sauti:

"*Pebre!* We *Pebre!* Tulia!"

Mateke yakakoma.

Praxedis alibaki na kinywa wazi. Ile "e" ilikuwa wazi kama mlango wa kanisa siku ya sikukuu.

"Anamwitaje?" aliuliza Coloma. "Pilipili? Amechanganyikiwa, si anaitwa Capità?"

"Nani amemwambia hilo jina? Wewe?"

"Jina gani? Mimi silijui."

Kweli hakulijua, wala asingeweza kulijua. Pebre alikuwa nyumbu wao wa zamani, Coloma akiwa bado kwenye susu. Siku moja alimpiga babu yao teke, babu akaruka ukuta wa kanisa, akashuka ameshika kamba ya kengele, kijiji kizima kikaja misa siku isiyo ya misa. Jioni ile baba akamwuza nyumbu na kuapa kwamba jina lake lisitamkwe tena chini ya paa lile. Halikutamkwa. Aliyemlilia alikuwa Melsion peke yake. Baba alikwisha kufa, mama alikwisha kufa. Waliobaki kulijua jina hilo walikuwa Praxedis na Melsion huko Ajentina, ambaye inaelekea kila mnyama mkaidi aliyempata huko alimwita hivyo, kwa mdomo wa kwao, mbele ya mtoto.

Au basi alimsimulia jamaa wa tanuri, wakinywa mvinyo.

"Dada, una nini? Umekuwa mweupe."

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Niambie! Jina gani hilo?"

Praxedis alikiondoa kiganja juu ya ufunguo polepole, kidole gumba, kidole cha pili, cha tatu, cha nne. Kile kidogo cha mwisho akakiacha hapohapo juu ya chuma, kwa ajili ya yule jamaa wa tanuri.

"Coloma, nikikwambia usilie. Huyo nyumbu wa babu alikuwa—"

Mlango ukasukumwa. Esteve aliingia, nyasi kichwani, shati limechanika begani, ndoo iliyobonyea mkononi. Akamtazama shangazi mmoja, akamtazama wa pili, akatazama ufunguo na kile kidole.