Mita ya Pima Kwanza

Fundi huyu mtaani walimwita Pima Kwanza, na jina hakulipata bure. Ukimpelekea pasi ukasema imekufa, anakukazia macho: "Nani kakwambia?" Anavuta mita yake, anashika nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, anagusa huku na huku. Ikilia pii, njia ya umeme ipo. Ikinyamaza, mahali fulani pamekatika. Hata spea mpya kutoka dukani haziamini mpaka azipime. Mkewe humtania kwamba siku ya harusi alikosa tu mahali pa kumgusisha zile nyaya.

Basi Jumatatu moja mama mkwe wake akaingia kibandani, redio yake ya mezani kwapani. Mama huyu aliuza nafaka sokoni miaka thelathini, na katika miaka sita ya ndoa ya binti yake hakuwahi hata siku moja kumwita fundi wetu mkwe. Alimwita "yule mchokonoa nyaya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haisemi. Ijumaa naitaka. Ukishindwa useme mapema, nimpelekee fundi wa ng'ambo ya barabara."

"Haina neno, mama," akajibu fundi. Wa ng'ambo! Bora angemzaba kofi hapo hapo.

Akaifungua redio, akapima. Ndani kulikuwa na kidude cheusi cha miguu mitatu kinachotuliza umeme. Kilitakiwa kitoe volti tano. Mita ikasema saba. "Nimekukamata!" Akanunua kipya, akalehemu. Saba. Akanunua kingine. Saba vile vile. Alhamisi akalivamia duka la spea kwa jazba, akamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba anauza takataka.

Yule dada muuzaji wala hakupandisha sauti. "Kaka, hivi nimeuza ishirini wiki hii. Aliyerudi ni wewe peke yako."

Akatoka amenuna.

Ijumaa asubuhi mama mkwe huyo! Akavuta stuli, akakaa. Redio iko matumbo nje. Fundi, jasho likimtiririka, akamweleza kwamba vidude vyote vitatu vibovu.

"Vyote vitatu?"

"Vyote, mama. Mita haidanganyi."

Mama akaitazama ile mita: ya njano, na plasta nene kwenye kona ya kioo kilipopasuka. "Mizani yangu sokoni watu wa vipimo walikuwa wakija kuikagua kila mwaka. Wanaweka jiwe lao la kilo, wanaangalia inasemaje. Hicho chako anakikagua nani?"

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akachukua betri mpya ya tochi, ambayo kila mtu anajua ni volti moja na nusu, akaigusa. Mita ikasema mbili na ushei. Loo! Akabandua plasta, na chini yake alama ya betri kuisha inawaka, imekuwa ikiwaka sijui tangu lini. Jamani, mtu anayepima kila kitu duniani, betri ya mita yake mwenyewe hajawahi kuigusa!

Akabadilisha betri ya mita. Kidude kikasoma tano kamili. Akaendelea mbele, na alipofika kwenye waya wa spika mita ikanyamaza kimya. Kwa nje waya mzima, kwa ndani umekatika. Akaweka mwingine, na redio ikaanza kusoma habari kwa sauti kubwa.

"Ilikuwa na nini?" mama akauliza.

Hapo fundi angeweza kumwaga majina magumu ya kifundi, na nani angembishia? 

"Waya mmoja tu, mama. Siku nne zote hizo ni ubishi wangu. Mita ilikuwa mbovu, na nikawalaumu wengine."

Mama akasimama. Akabeba redio yake, akaenda zake. Fundi akajua ndiyo basi tena, imekula kwake. Aliona aibu kweli kweli. Akafunga kibanda, akaenda dukani kumwomba radhi yule dada, naye akamcheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi alikuta wamama watatu wanamsubiri mlangoni, na feni, na blenda, na pasi.

"Mama mkwe wako katutuma," akasema mwenye feni. "Anasema, nendeni kwa mkwe wangu, huyo akikosea anasema. Sasa hii feni inazunguka kidogo halafu..."

"Samahani, mama. Hebu rudia."

"Inazunguka kidogo halafu inasimama."

"Hapana, siyo hiyo ya feni," akasema fundi. "Ile ya kwanza. Alivyoniita."