Kuku wa Kukombolea Madaftari

Kila mara ukoo unapomsifu baba yangu kwa kuhifadhi historia yetu, mimi hutafuta kazi jikoni. Wanaomsifu ni wale wale waliomwita Bwana Makaburi.

Alikuwa mkulima kama wao, huku Kisarawe, ila jembe lake lilipumzika sana. Mihogo ikisongwa na magugu, yeye yuko Dutumi anamuuliza bibi kizee nani alifyeka pori lile kwanza na nani kazikwa wapi. Akirudi huandika kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani, mpaka madaftari yakajaza sanduku zima. Mama alimwambia, "Wafu wamekupata wewe. Sisi tumpate nani?" Baba alicheka. Mimi sikucheka, maana aliyepalilia ni mimi.

Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, watani walikuja msibani kama ilivyo desturi. Mmoja akaingia chumbani, akatoka na sanduku kichwani. "Mali ya marehemu hii! Leteni kuku, la sivyo siwarudishii!" Mtani hachukui kitu ovyo. Huchukua kile anachodhani mtakililia.

Baba mkubwa akamjibu mbele za watu, "Nenda nalo, mtani. Umetupunguzia takataka." Wakacheka hata waliokuwa wakilia. Nilikuwa na tetea wangu nyuma ya jiko, anataga. Nikanyamaza.

Haukupita muda mrefu serikali ya Mwingereza ikaja kuweka mipaka ya msitu, na makaburi ya wazee wetu yalikuwa humo ndani. Tukaulizwa: waliolala humu ni nani, na tangu lini? Tukithibitisha, eneo litabaki letu. Wazee watatu wakataja watu watatu kwa kaburi moja, kisha wakatukanana mbele ya karani. Ndipo nikatumwa kwa mtani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichofuata." Hakunitazama usoni. "Nilingoja mpaka arobaini ikapita. Hakuja mtu."

Sanduku lilikuwepo, limejaa mbegu za mahindi. Karatasi zote alikuwa amesokotea tumbaku, yeye na majirani zake. Sikuwa na la kumlaumu. Utani una sheria zake, na aliyezifuata ni yeye, si sisi.

Mpaka ukapita, makaburi yakabaki upande wa serikali. Mwaka uliofuata ukoo ukamsomea baba hitima kubwa, akachinjwa mbuzi, na baba mkubwa akasimama kumwita hazina yetu. Hasira ikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Baba mkubwa, hazina hiyo ingekombolewa kwa kuku mmoja tu."

Akanitazama bila ukali wowote.

"Kweli, mwanangu. Na kuku ulikuwa naye wewe."

Nyama ile sikuigusa. Kuku nilikuwa naye, ndiyo. Alikufa kwa kideri kabla hata ya arobaini ya baba.