Nusu Inchi kwa Kila Gauni

Palikuwa na fundi wa nguo za kike ambaye jicho lake lilipima kuliko futi. Mteja akiingia mlangoni tu, yeye ameshajua kiuno chake, nyonga zake, na kama viatu vinambana. Mafundi wenzake wakamwita Sentimita, na jina likamganda mpaka mumewe naye akalizoea. Watu wa jicho la namna hiyo wana kasoro moja. Hawasahau kipimo, na hawasahau neno walilotupiwa mbele za watu.

Karakana ilikuwa ghorofani: cherehani sita, meza ndefu ya kukatia, pasi mbili na kioo kirefu chumba cha nyuma. Mwenyewe alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye kiuno cha nyigu, na kiuno hicho alikijua. Kila wiki mbili alishonewa gauni jipya, na mkataji na mshonaji wake alikuwa Sentimita peke yake. "Mimi ndiye kibao cha duka," wifi alikuwa akisema. Tusimnyime haki yake, hakukosea. Wanawake walimfuata ngazini kuuliza gauni lile ameshona nani, naye alikuwa na mazoea ya kujibu, "Limeshonwa kwangu."

Sentimita alikuwa na kisukari, kile cha kujichoma insulini kila siku. Mwaka mmoja nyuma sukari ilimshuka akiwa kazini, akaanguka kifudifudi juu ya cherehani ya umeme, na sindano ikamtoboa kidole kupitia kucha. Aliyeichomoa ni wifi yake. Tangu siku hiyo Sentimita alivaa nyuma ya mkono kifaa kidogo cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti, kinachopima sukari saa zote na kupiga kelele kwenye simu ikianza kushuka. Bila kifaa hicho angeweza kuanguka tena, na safari hiyo huenda asiamke. Karakana nzima ililijua hilo.

Miezi saba kilikaa kwa amani. Mwezi wa nane ngozi chini yake ikaanza kuwasha, muwasho wa kumfanya mtu aume meno katikati ya pindo. Alipokibandua alikuta duara jekundu lenye malengelenge. Akahamia mkono wa pili, nako vilevile. Sasa fundi wa nguo akiona doa hufanya nini? Husugua. Naye akasugua, kwa sabuni ya unga na brashi laini ya kusafishia kola, kisha akamalizia na spiriti. Ngozi ikachubuka, ikatoa maji, na kifaa kikawa hakishiki hata siku tatu.

Siku moja ya joto alikunja mikono ya blauzi akiwa anakata. Wifi alikuwa amesimama na mteja wa kuheshimika, mafundi wote wapo.

"Wifi, hiyo nini?" aliuliza, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye pasi. "Mbona kama upele wa mbwa?"

"Ni gundi ya kifaa, wifi. Imenichubua."

"Gundi gani inachubua mtu msafi? Kama si kujikuna na kucha chafu ni nini? Hebu kitoe hicho kidude. Hutaki, basi toka hapa na cherehani yako. Mimi siuzi nguo zenye usaha."

Mteja akarudi nyuma hatua mbili. Fundi wa vifungo, aliyekunywa chai kikombe kimoja na Sentimita kwa miaka sita, akajifuta mikono kwenye sketi. Sentimita akakunjua mikono ya blauzi. Kifaa hakukitoa. Alichukua ncha moja ya cherehani, mtu wa pasi akachukua nyingine, wakaitoa mpaka kwenye korido, mkabala na mlango wa choo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wifi yake hakuwa mtu wa kusikiliza wahenga.

Kliniki, muuguzi alimtazama mkono na kusikitika, hasa aliposimuliwa ile brashi. Si uchafu, alimwambia, wala haiambukizi. Kuna miili inaikubali gundi kwa miezi, halafu siku moja inaichukia, na ikishaichukia haisahau. Akampa bandeji nene za vidonda, zile laini kama jeli. Abandike bandeji kwanza, aitoboe katikati tundu dogo la kupitisha uzi wa kifaa unaoingia mwilini, kisha kifaa kikae juu yake. Asipake losheni kabla. Akibandua, apitishe mafuta pembeni na aende polepole, asivute. Na mahali palipochubuka papumzishwe mpaka papone.

"Yaani nikiwekee bitana," Sentimita alisema.

"Bitana ndiyo nini?"

"Kitambaa laini cha ndani, ili kile kinachokwaruza kisiguse mwili. Nimewafanyia watu kazi hiyo miaka ishirini, sikujua kama nami naistahili."

Ilisaidia. Haikuwa dawa ya kumaliza, maana siku za jasho muwasho ulirudi na bandeji zilijikunja pembeni, lakini malengelenge yalikoma na vidonda vikafunga, vikaacha madoa meusi ya duara. Akamwonyesha wifi yake mikono yote miwili. "Madoa yanaonekana," wifi alisema bila kuinua uso. "Wateja watauliza. Kaa hukohuko kwanza."

Hukohuko. Basi hapo ndipo Sentimita alipoamua. Hakuamua kwa hasira. Hasira ingemfanya avunje kitu, naye hakuwa mtu wa kuharibu kazi. Alifikiri siku mbili nzima, mlango wa choo ukifunguliwa na kufungwa mbele ya pua yake, na siku ya tatu alikata gauni la wifi nusu inchi pungufu kiunoni.

Nusu inchi haionekani. Mtu huhisi tu kwamba zipu leo ina ukaidi. Gauni lililofuata alikata inchi nzima pungufu, la tatu moja na nusu. Mahesabu yake yalikuwa mepesi: wifi yake ataona ananenepa, ataacha wali, ataacha mkate, atasimama mbele ya kioo akijishika ubavu, atalia. Mwenye kiuno cha nyigu umwonyeshe kwamba kiuno kinaondoka, na ujue umemfikia penyewe. Sentimita alikuwa akitabasamu peke yake koridoni huku akipachika zipu, na sitamtetea, alifurahi.

Ila wifi hakulalamika. Gauni la nne, la tano, la sita. Alilivaa kila moja, akageuka huku na huku, akasema, "Limenikaa." Sentimita akadhani ni kiburi, anabana pumzi. Na kila mara alipomwona akipita koridoni kwenda chooni na chupa ya maji mkononi, mara nne, mara tano asubuhi moja, alidhani anakuja kumchungulia kama bado amekivaa kile kidude. Chuki ina macho makali sana, lakini huangalia upande mmoja tu.

Gauni la saba lilikatwa inchi tatu na nusu pungufu. Hilo, alijiambia, litamshinda hata akibana pumzi mpaka azimie. Wakaingia chumba cha nyuma, wifi akavaa, Sentimita akavuta zipu. Ikapanda kama imepakwa mafuta. Akaingiza vidole kiunoni, vikaingia vyote vinne, na nafasi ikabaki.

Alisimama na pini mdomoni. Futi haikuhitajika. Aliiona mifupa ya mabega, aliona shingo, aliona midomo iliyokauka na chupa ya maji tupu juu ya stuli. Safari zote zile za chooni zikajipanga kichwani mwake. Alikuwa akiijua njia hiyo, alishaipita mwenyewe kabla hajapewa jina la ugonjwa wake. Na mtu mwingine yeyote angekwishaona zamani, nguo zingening'inia na watu wangeuliza. Nguo hazikuning'inia, kwa sababu yeye alikuwa akizipunguza.

"Vipi, limenikaa?" wifi aliuliza kwenye kioo.

"Lete mkono, nipime mwisho wa mkono wa gauni."

Wifi akautoa. Sentimita akachomoa mfukoni kisindano chake cha kupimia sukari, akamchoma kidoleni. Kwa miezi mitatu na nusu alikuwa ametamani kumchoma, akaona ajabu kwamba mkono wake umefanya taratibu.

"Pole, pini," alisema, akakinga tone kwenye kijikaratasi na kukiingiza kwenye mashine ndogo. Ikasoma ishirini na saba. Ya mtu mzima mwenye afya haifiki hata nane.

Wifi aliiona namba, na uso ukaonyesha kwamba anajua maana yake. "Umejuaje?" aliuliza.

Angeweza kusema, nimekuona ukienda chooni. Ingetosha, na siri ingebaki yake. Lakini kisasi ambacho mwenyewe hajakijua kina faida gani?

"Kila gauni nimelipunguza nusu inchi, wifi, tangu uliponitoa nje. Nilitaka ujione unanenepa. Nilitaka ulie. Kumbe unapungua nalo sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeona, hata wewe. Ugonjwa wako nimekufichia mimi."

Wifi akakaa juu ya stuli, chupa ikaanguka. Alilia. Sentimita alikuwa ameyangoja machozi hayo, akayatazama yote bila kugeuza uso, na yalikuwa matamu. Yalikuwa matamu mpaka pale wifi alipojaribu kuinuka na miguu ikakataa.

"Na kile kidude nitavaa?" wifi aliuliza.

"Huenda."

"Kitaniwasha kama wewe?"

"Wengi hakiwawashi. Wewe namwomba Mungu kikuwashe."

Wifi akacheka kidogo katikati ya machozi, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sentimita akampitishia mkono kwapani, wakatoka kuelekea hospitali, polepole, pini bado zimo kwenye gauni. Mafundi watano wakaacha kushona. Mlangoni, juu kabisa ya ngazi, Sentimita akasimama.

"Waambie," alimnong'oneza.

"Sasa hivi? Wifi, kichwa kinanizunguka."

"Sasa hivi. Au shuka peke yako."

Wifi akageuza uso. Alimtazama fundi wa vifungo, mtu wa pasi, na wote. "Vidonda vya wifi yangu haviambukizi," alisema. "Ilikuwa gundi tu." Angeishia hapo, na Sentimita angeridhika. Lakini mtu akishaogopa kufa, mdomo haujui pa kusimama. "Nilijua. Nilimpigia simu muuguzi wake siku ileile niliyomtoa nje, akanieleza yote. Nilijua. Ila kila mteja alikuwa anamuulizia yeye."

Mkono wa Sentimita ukalegea, na wifi akayumba kuelekea ngazi. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, za saruji. Sentimita aliziangalia zote, akaukaza mkono tena, wakaanza kushuka.