Breki ya Mama Mwanafunzi

Raia wa Ngungu, vueni kofia: leo chukudu ya kwanza ya mama mwanafunzi, ile baiskeli ya mbao ya mizigo isiyo na pedali, inashuka kilima! Miezi kumi na minne mama huyu amechonga magurudumu ya mbao kwa tezo, akiyapima kwa kidole gumba kilichopinda, kisha kuyagonga karibu na sikio kama anayechagua chungu sokoni. Mita ya fundi wake haigusi. "Mama, ile iko gurudumu ao iko bugali?" fundi humtania, naye hupima tena, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa.

Sheria ya karakana ni moja: mwanafunzi anaendesha, na fundi wake anakaa juu ya magunia ya viazi yaliyopakiwa kwenye chukudu hiyo. Chukudu ikivunjika, unaanza upya. Kwenye kona ya matope mama alikanyaga breki, kile kipande cha tairi kuukuu. Ikafuka moshi, fundi akamwita Yesu kwa Kihunde, na chukudu ikasimama wima mbele ya soko. Vigelegele! Fundi akatangaza huku akilia: "Kuanzia leo, huyu njo fundi!"

Mama akafuta mikono. "Aksanti, Papa. Shuka basi, unakalia viazi vya watu."