Damu Yangu Ilijua Kabla Yangu

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kelele. Nilichonga twiga wa mbao katika karakana ndogo karibu na nyumba yetu katika mtaa wa Mowlem, na niliimba nikichonga, vibaya sana. Kazi hiyo nilitoka nayo Ukambani nikiwa kijana. Sikuwa nimelazwa hospitali hata mara moja.

Ilianza kwa kukonda. Nilikula chakula cha mafundi watatu, lakini suruali ilizidi kulegea. Jasho lilinitoka hata asubuhi za baridi, tumbo likaendesha, mikono ikaanza kutetemeka. Muthama, niliyechonga naye, alinitania, "Buda, hiyo tezo ishike poa! Unachonga twiga ama unatafuta kidole?" Nilicheka, lakini niliogopa. Mikono ikikataa kazi, watoto wangekula nini?

Kisha moyo ukashikwa na wazimu. Ulikimbia, ukasita, ukaruka, kama kuku aliyefungiwa kikapuni. Siku moja nilianguka kwenye vibanzi vya mbao. Hospitalini walinilaza usingizi kwa sindano, wakanipiga stima kifuani. Nilipoamka, moyo ulidunda taratibu. Daktari, mama mmoja wa maneno machache, aligusa uvimbe mdogo shingoni mwangu ambao sikuwahi kuutilia maanani.

"Shida ni hii tezi," akasema. "Inamwaga kemikali nyingi kwenye damu, ndizo zinazochokoza moyo."

Alinipa tembe za kutuliza tezi, na nyingine za kutuliza moyo na mikono.

Baada ya wiki kadhaa nilijiona mzima. Nilichonga, niliimba. Mke wangu, Mama Mwende, akatangaza kanisani kwamba Jumapili tutakuwa na karamu ya shukrani, na mama yangu akaja kutoka Machakos na mbuzi. Ijumaa, siku mbili kabla ya karamu, nilienda kliniki kusikia majibu ya damu niliyokuwa nimepimwa. Nilimnyooshea daktari mikono yote miwili aone ilivyotulia.

"Hiyo imetulizwa na tembe," akasema. "Majibu yanasema damu bado inachemka kwa zile kemikali. Mzee, huu moyo utaruka tena, na si mbali. Ukiruka, usingoje. Njoo."

Akaongeza dawa. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Mtu hasikii maumivu popote, halafu anaambiwa ni mgonjwa?

Nyumbani Mama Mwende alisikiliza, akakata shauri. "Wageni waje, wale. Lakini kusema umepona, bado. Hatutamdanganya Mungu."

Jumapili, nikiwa na mfupa mkononi, nikicheka na wageni, moyo ukaruka. Wazimu ule ule. Kizunguzungu kikanishika, na tukaacha chakula mezani.

Nikiwa kitandani hospitalini, mama yangu alinishika mkono. "Kwa hivyo damu ilimwambia daktari kabla ya kukuambia wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwaitu."

Akaugeuza mkono wangu, akaitazama mishipa. Nami nikaitazama. Damu hii nimeibeba tangu nizaliwe, na sikujua kwamba inasema!

Safari hii daktari hakuwa na haraka ya stima, kwa kuwa damu ikichemka moyo ungeruka tena. Nilimeza tembe miezi mingi, nikitobolewa na kupimwa, nayo majibu yakishuka polepole. Hatimaye akatabasamu. "Sasa damu imepoa. Tukiurudisha moyo kwenye mdundo wake leo kwa stima, nina matumaini utakaa."

Waliurudisha, ukakaa. Unadunda vizuri ninapoandika haya, na bado sijaizoea ajabu hiyo, ya mtu kuchungulia damu kidogo kwenye kichupa na kuona moyo utafanya nini kesho.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na namshukuru mke aliyenikataza kushukuru mapema. Nawe unayesoma, ukikonda bila sababu, ukitetemeka, moyo ukienda ovyo, nenda upimwe. Usiache tembe kwa kuwa umepata nafuu. Na siku utakapojiona mzima kabisa, piga magoti umshukuru Mungu, kisha uinuke, ukunje mkono wa shati, uwape damu yako wasikie inasemaje.