Nilifufua radio ya marehemu ambayo mjane wake alitaka ibaki imekufa

Wakuu, salamu nyingi kutoka Lubumbashi.

Hiki ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, na sehemu kubwa nilikisababisha kwa mikono yangu. Kwa hiyo atakayesema ni chai, anywe tu, mimi nitaendelea.

Kiswahili chetu huku ni kingine kidogo, kimechanganyika na Kifaransa. Nitajitahidi kuandika kile cha wote, ila watu wangu wakiongea nitawaacha waongee chetu. Mtatuvumilia.

Twende.

Mimi si fundi wa kibao mlangoni. Kazi yangu ni dukani, nauza saruji, mabati na misumari. Lakini tangu utoto mkono wangu ukiona skrubu unawasha. Nikikaribishwa kwa mtu nikakuta redio haisemi, hata chakula hakishuki vizuri.

Sasa huku kwetu watu hatutupi vitu. Tivii ya chogo ikifa, mtu ananunua flati na kuiweka juu ya ile iliyokufa. Friji ikifa inakuwa kabati ya unga. Ukiingia salon, yaani sebule, fulani za mtaa wa Bel-Air unakuta tivii ya chogo, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa flati inaonyesha mpira. Mwenye nyumba ukimuuliza ile ya chini ina kazi gani, anakuangalia kana kwamba umeuliza bibi yake ana kazi gani.

Basi mimi jioni na wikendi nazunguka, naomba zile za chini. Natengeneza, kisha nagawa bure. Pasi, feni, redio, deki, chochote.

Najua mtauliza kwa nini siuzi. Wakuu, nani atanunua deki ya kaseti leo? Ila wapo watu ambao wakipewa wanafurahi kweli, na mimi furaha hiyo inanitosha. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Pengine.

Sasa kisa chenyewe.

Dada mkubwa wa mama yangu anaishi Naviundu. Namwita Mama Mukubwa Ngalula. Mume wake alifanya kazi kwenye treni maisha yake yote, akafariki miaka kadhaa iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Sisi watoto wa mdogo wake ndio tunaoingia na kutoka pale.

Katika salon yake kuna radio kubwa ya zamani, ile yenye sehemu mbili za kaseti na maboksi mawili ya sauti yanayofika kiunoni. Ilikuwa ya marehemu, na ndicho kitu pekee chake kilichobaki mle ndani. Vingine vyote familia ya mume walivichukua baada ya matanga. Pikipiki, suti, saa ya mkono, mpaka kiti chake cha kupumzikia.

Siku ya kugawana mimi sikuwepo, nilikuwa Kolwezi kikazi. Nilisikia tu kwamba radio waliiacha kwa sababu ilikuwa imekufa.

Tangu hapo imekaa pale, bubu, kitambaa cheupe juu. Mama Mukubwa anaipangusa kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto.

Mimi na ule ugonjwa wangu, mnadhani ningeiacha? Kila nikifika naomba.

"Mama Mukubwa, niifungue kidogo tu."

"Dédé, iache. Ilikufaka ile."

"Lakini kukufa kwake haiko kukufa kwa bantu. Inaweza kupona."

"Aka! Mutoto hana kusikia huyu. Minasema iache."

Nikawa nadhani anaogopa niiharibu zaidi. Kidogo ilinichoma, maana sifa zangu za ufundi zilikuwa zimeshafika mpaka Kasungami!

Na kweli, Kasungami kulikuwa na kundi la akina mama wa kwaya walionisubiri. Wanafanyia mazoezi kwenye uwanja wa nyumba ya Mama Kisimba. Nyimbo zao zote ziko kwenye kaseti za mwalimu wao aliyehama mji, na deki yao ilikata roho. Walikuwa wanajifunza kwa kukumbuka, na kila mmoja alikumbuka kwa sauti yake. Niliwaahidi kuwatafutia kitu cha kusomea kaseti. Nilikuwa bado sijapata.

Jumapili moja nilienda Naviundu kumtengenezea Mama Mukubwa jiko la umeme. Yeye akaenda misa, akaniacha peke yangu.

Wakuu, jiko lilipona haraka mno. Misa ya kwetu mnaijua urefu wake.

Nikajisemea, leo nampa surprise. Sikuwa na nia ya kuipeleka popote. Nilitaka arudi akute radio ya mume wake inaimba, alie kwa furaha, aniite mwanaume.

Nikaigeuza. Cha kwanza nilichokiona kilinishangaza. Nyuma kuna kikofia kidogo cha plastiki, unakizungusha kwa vidole tu, ndani ndipo inapokaa fyuzi. Sisi tunaiita fisible. Nikakizungusha.

Hamna kitu. Fyuzi ingekuwa imeungua ningeelewa, umeme wa huku mnausikia. Lakini haikuwepo kabisa.

Nikacheka peke yangu. Nikasema kuna fundi fulani alipita hapa akaiba fyuzi, Mungu anamuona. Nikatia ya kwangu. Taa ikawaka! Kaseti haikuzunguka, mkanda wa mpira ulikuwa umelegea kwa kukaa bure, nikaweka mwingine. Mle ndani mlikuwa na kaseti tayari. Nikabonyeza.

Rumba ya zamani. Magitaa yale yanayoongea polepole.

Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Jirani mmoja akaingia anacheza na ufagio mkononi. Nikachukua simu, nikarekodi video, nikaitupa kwenye group ya familia: "Radio ya Papa Mukubwa imefufuka!" Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Mama Mukubwa aliisikia tangu njiani.

Nilimuona anaingia getini, biblia kwapani. Nikasubiri vigelegele. Alinipita kama hanioni, akaenda moja kwa moja kuizima. Kisha akakaa chini.

"Nani alisikia?"

"Bajirani tu, Mama Mukubwa. Na... niliituma ku group."

"Ku group gani?"

"Ya famille."

"Na shemeji yangu iko mule?"

Alikuwemo. Papa Mbuyi, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia kugawana vitu. Nilikimbilia simu kuifuta ile video, lakini alikuwa ameshaiona, na ameshaweka dole gumba.

Ndipo Mama Mukubwa akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na fyuzi ndogo ya kioo. Nzima kabisa.

"Bwana yangu akisafiri na treni, alikuwa anaitosha, anaitoa kabisa, anatia mu mufuko, juu batoto ba bandugu basichezee radio. Nilikuwa namuona. Basi siku bale bandugu bake banakula inje, mbele baanze kugawana, na mie nikaitosha. Bakakuja, bakabonyeza, haisemi. Bakasema ilikufa, bakaiacha. Dédé, kama inasema, haina yangu. Kama inanyamaza, iko yangu. Sasa umeisemesha."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile mama wa watu alikaa na radio nzima, fyuzi yake kiunoni, hakuwahi kuiwasha hata kidogo, kwa sababu sauti ingetoka nje. Kazi yake ilikuwa kuipangusa tu. Halafu mimi mwerevu naifungulia mtaa mzima.

Najua mtakuja na sheria hapa. Ipo, inamlinda mjane, na mimi mwenyewe nilimwambia siku ile ile, kwa haraka ya mtu anayetafuta pa kutokea.

Akanijibu, "Nimupeleke mudogo wa bwana yangu ku tribunal juu ya radio? Siku nikikufa, nani atakuja kunizika pembeni ya bwana yangu?"

Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

Papa Mbuyi alikuja katikati ya wiki. Mama Mukubwa alinipigia niwepo. Nilimkuta shemeji mtu ameshakaa, ameshapewa maji. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba, na ncha ya kamba inachungulia. Alikuja na kamba ya kufungia mzigo kabisa, wakuu. Nilichukia mpaka masikio yakapata moto.

"Shemeji, radio ya mukubwa wangu ilipona," akasema.

"Ilipona."

"Basi njo maana nilikuja kuiangalia. Kintu ya mukubwa wangu inafaa ibakie mu famille."

Mama Mukubwa hakupandisha sauti. "Siku ya kugawana, ulisimama pale pa mulango. Ulisema nini?"

Papa Mbuyi akaangalia chini. "Bile bintu ya zamani, shemeji."

"Ulisema, hii iko maiti, tumuachie mujane, bazoeane. Bantu bakacheka."

Mimi hilo sikuwahi kulisikia. Nilimwangalia yule mzee na nikaona aibu kwa niaba yake. Lakini alikuwa mbishi.

"Ile siku ilikuwa imekufa. Leo iko muzima. Kintu muzima iko na mwenyewe."

"Eee. Iko na mwenyewe." Akanigeukia mimi. "Dédé, bale bamama ba kwaya ba Kasungami, ulibapatia radio?"

"Bado, Mama Mukubwa."

"Beba hii. Nimebapatia. Na shemeji iko pale, anaona, kesho asiseme iliibiwa."

Wakuu, nilitaka kukataa. Nilifungua kabisa mdomo. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho! Akanikata jicho, nikaufunga. Papa Mbuyi naye akairudisha ncha ya kamba ndani ya mfuko. Ni mwimbaji wa kanisani huyu mzee, angeanzaje kuwanyang'anya akina mama wanaomwimbia Mungu?

Kisha Mama Mukubwa akabonyeza, akatoa ile kaseti ya rumba, akaifuta kwa kitenge, akampa shemeji yake.

"Kamata. Ni mukono ya mukubwa wako njo iliitia mule ndani. Nami sikuitoshaka."

Yule mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuzageuza. Kuna maandishi juu yake, ya kalamu, ya marehemu. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi tukakodi gari, tukapeleka radio Kasungami, na Mama Mukubwa akasema anakuja. Akina mama wa kwaya walitupokea kwa nyimbo toka barabarani. Nilipoweka radio mezani nikataka kuunganisha, Mama Mukubwa akanizuia. Akazungusha kile kikofia kwa vidole vyake, akatoa fyuzi yangu, akanirudishia. Akafungua fundo la kitenge, akatia ile ya zamani.

Taa ikawaka. Mama Kisimba akaweka kaseti ya kwaya. Mama Mukubwa akavuta kiti, akakaa karibu na boksi la sauti, akalia wazi wazi, bila kujificha. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia matairi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili mchana yuko Kasungami. Anasema anaenda kusalimia. Salamu gani ya kuanza saa sita mpaka jua linazama?

Ilipita miezi. Jumapili moja Papa Mbuyi akanipigia, sauti chini, anauliza njia ya kufika kwa Mama Kisimba. Nikaogopa. Nikaenda mbio nimtangulie, nikijua sasa ndiyo vita.

Nikamkuta amesimama pembeni ya uwanja, kofia mkononi, anasubiri kwaya imalize. Walipomaliza akamsogelea Mama Kisimba, akatoa ile kaseti mfukoni.

"Mama, munaweza kunisikilizisha hii? Kwangu sina na kintu ya kuitilia."

Magitaa yakaanza. Yale yale ya polepole.

Mama Mukubwa hakugeuka. Alivuta tu kiti cha pili, akakiweka upande mwingine wa radio. Papa Mbuyi akakaa. Walisikiliza upande mzima wa kaseti, shemeji kwa shemeji, na wale akina mama wa kwaya wakaelewa, wakaenda kupika.

Upande huo ulipoisha, Mama Mukubwa ndiye aliyeanza kusema.

"Na kamba, shemeji? Leo uliiacha wapi?"

Mzee wa watu akacheka, halafu machozi yakamtoka, akafunika uso kwa kofia. "Unisamehe, shemeji," akasema mle mle ndani ya kofia.

Mama Mukubwa akamgeuzia kaseti upande wa pili.

Basi wakuu, ndiyo hivyo. Mimi bado natengeneza na kugawa, ugonjwa haujapona. Ila siku hizi sigusi skrubu kabla ya kukaa na mwenye kitu na kumuuliza kilikufaje, siku gani, na nani walikuwepo. Wengi wananijibu kwa maneno mawili. Wengine wanavuta kiti, na siku hiyo bisibisi inabaki mfukoni.

Nawaachia uwanja. Huko kwenu sebuleni kuna kitu gani kilichokufa ambacho mama hataki kiguswe, na mmewahi kumuuliza?